Kona ya Wageni

Niliota usiku wa jana kiazi kinabisha hodi mlangoni kwangu, na jambo la kwanza nililofanya ni kutazama kama nimevaa suruali. Nilikuwa nimevaa. Nikafungua.

Kilikuwa kiazi mviringo cha kawaida, ila kimo chake kilinifika kifuani. Kilivaa mfuko wa karatasi ya kaki, ile mifuko tunayotumia kazini kuwekea sampuli, na mbele ya mfuko paliandikwa 73 kwa kalamu nyeusi. Mwandiko ulikuwa wangu. Saba yangu ina mstari katikati, mwalimu wa darasa la pili alijaribu kunitoa tabia hiyo akashindwa.

"Kamwene," kikasema kiazi.

"Kamwene," nikaitikia. Huku kwetu milimani Makete salamu hiyo lazima iitikiwe, hata aliyeitoa akiwa kiazi.

"Wewe ndiye Obadia Tweve, msaidizi wa utafiti?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni mjumbe wa kijiji cha Ihelela. Karatasi yangu inasema hivyo. Nimekuja kukuuliza Ihelela iko wapi, maana sijawahi kufika."

Nikakiambia kwamba hata mimi sijawahi kufika. Kiazi kikatafakari, kikasema basi tuko wawili, na kwamba naitwa. Nikauliza nani ananiita.

"Walioachwa," kikasema. "Vaa koti. Chini kuna baridi."

Kabla sijaendelea na ndoto ni lazima niseme nilichokifanya nikiwa macho, maana bila hicho mtu ataona natunga vichekesho.

Mwaka juzi kituo chetu cha utafiti kilitaka kujua ukoko wa viazi wa milima hii una jamii ngapi. Ukoko ni aina ya ukungu. Hung'ang'ania ganda la kiazi kwa vidonge vidogo vyeusi, mtu akadhani ni udongo. Udongo ukiuosha unatoka, huu hautoki. Ukipanda kiazi chenye ukoko, ukungu huo hukata machipukizi chini kwa chini kabla hayajaliona jua. Kwa macho ya maabara vidonge vyote ni vilevile, lakini ndani yake kuna koo tofauti, na dawa inayoua ukoo mmoja inaweza kuwa chai ya asubuhi kwa ukoo mwingine. Ndiyo maana zilitakiwa sampuli kutoka vijiji kumi na viwili, viazi kumi kila kijiji. Nikakabidhiwa pikipiki, mifuko mia na ishirini na ile kalamu nyeusi.

Mvua ikanyesha wiki nzima. Mimi nikaenda kijiji kimoja tu, Nkenja, kwa shangazi yangu Ezelina, dada wa marehemu baba, kwa sababu kwake kuna moto na maharage. Nilijaza mifuko yote mia na ishirini kutoka kwenye gunia moja lililokuwa stoo kwake. Juu yake nikaandika majina ya vijiji kumi na viwili, kwa mpangilio mzuri kabisa. Kisha, ili kilomita za pikipiki zilingane na daftari la safari, nikaizungusha kwenye kiwanja cha mpira cha shule ya msingi siku mbili mfululizo. Watoto walinishangilia, wakidhani najifunza kuendesha.

Maabara ikatoa jibu: jamii moja tu. Dokta Chengula, bosi wangu, hakuuliza inawezekanaje milima yote hii, na mabonde yake, na baridi zake zinazotofautiana, iwe na jamii moja tu. Alilipenda jibu. Jibu moja linaingia vizuri kwenye bango, na bango likachapishwa: UKUNGU MMOJA, DAWA MOJA. Mimi nilipewa cheti cha kazi bora ya uwandani. Kiko ukutani sebuleni, na fremu yake.

Sasa, shangazi alikuwa na utaratibu wake aliourithi kwa mama yake. Mbegu yoyote iliyotoka nje ya shamba lake, hata iwe imeletwa na mchungaji, ilipandwa kwanza peke yake huko chini, karibu na mfereji, msimu mzima. Mahali hapo alipaita kona ya wageni. Mbegu ikijionyesha vizuri, msimu unaofuata inakaribishwa juu. Ikiugua inachomwa moto, na jembe lililoipalilia linaoshwa kwa majivu. Watu walimsema ana maringo, eti hata viazi vya ndugu zake anavipimia utu. Hakujali.

Nilimcheka msimu huu, kabla hajapanda. Nikamwambia, shangazi, sayansi imeshasema ukungu ni mmoja, hii kona ni ya nini? Chovya mbegu kwenye dawa, changanya, panda. Akaniamini. Mimi nimebeba jina la baba yake, kwa hiyo tangu nazaliwa huniita baba, na neno langu kwake lina uzito ambao sikuutafuta. Akapokea mbegu za ndugu na waumini wenzake kutoka vijiji vyote hivyo, akazichovya, akazichanganya, akapanda shamba lote kwa mara moja. Haikuota hata robo.

Na Jumapili alikuja kwangu kuniomba msamaha. Yeye, aniombe mimi. Alisema huenda alipima dawa vibaya, macho hayaoni vizuri siku hizi, mikono imezeeka, ameniaibisha mbele ya wataalamu wenzangu. Akasema kilimo basi. Shamba ananipa mimi, Jumatano twende kwa mtendaji wa kijiji tukaandikishane. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilichosema ni, "Usijali, shangazi." Jumatano yenyewe ni leo.

Turudi kwenye kiazi.

Nilipokuwa navaa koti, cheti changu ukutani kikakohoa.

"Mimi siendi," kikasema.

"Hukuitwa."

"Hata ningeitwa. Mimi nina mhuri."

Tukatoka, tukakiacha. Nje pikipiki ya kituo ilikuwa inanguruma yenyewe. Nikapanda mbele, kiazi nyuma, kikanishika kiuno kwa adabu.

"Ihelela," nikaiambia pikipiki.

"Siijui," ikajibu. "Mimi najua kiwanja."

Na hapo hapo tuko kiwanjani, mchana kweupe, na tunazunguka. Watoto wa shule wamejipanga pembeni na sare zao, wanahesabu mizunguko kwa sauti, wamefika mia tatu na kitu. Kila tukimaliza mzunguko, kiwanja kinashuka shubiri moja. Mwanzoni sioni. Baadaye naona magoli yako juu yetu, kisha naona mizizi ya nyasi inaning'inia, kisha minyoo inatoa vichwa kwenye kuta za udongo na kututazama tukipita. Watoto bado wanahesabu huko juu lakini sauti yao ni ndogo. Mita ya pikipiki inasoma kilomita sitini na mbili.

"Hapo ni Ihelela kwenda na kurudi," ikasema pikipiki. "Kwa mujibu wa daftari."

Ikazima. Tulikuwa kwenye ofisi ya kijiji.

Ilikuwa ofisi kama zote, na mabenchi mawili, meza yenye mguu uliotegewa tofali, na kalenda ya mwaka uliopita. Tofauti ni kwamba kuta zilikuwa udongo mtupu na dari ilikuwa sehemu ya chini ya tuta la viazi. Ukutani kulikuwa na bango letu, UKUNGU MMOJA, DAWA MOJA, na mtu alikuwa ameongeza alama ya kuuliza kwa masizi.

Nyuma ya meza alikaa kidonge cheusi chenye ukubwa wa ndama aliyelala. Hakuwa na macho wala pua, lakini alivaa miwani. Kiazi kikaniambia huyo ndiye Karani.

"Umechelewa miaka miwili," akasema Karani. "Keti."

"Mvua ilinyesha."

"Hata huku ilinyesha. Sisi tulifika."

Nikakaa. Karani akanisukumia daftari la kuandikisha wakazi na kalamu nyeusi, kalamu ileile, naifahamu kwa alama za meno yangu kwenye kifuniko. Akasema niandike wote walioachwa, mmoja mmoja, jina na kwao. Nikageuka kutazama foleni. Ilitoka mlangoni, ikaingia kwenye njia ya mizizi, ikapinda, sikuona mwisho wake. Wote walikuwa weusi na wote walikuwa watulivu kama watu wa foleni ya kliniki.

Wa kwanza alikuwa mwembamba, anatetemeka.

"Natoka Masinde," akasema. "Mimi hufanya kazi udongo ukiwa wa baridi. Jua likiwaka nalala."

Nikaandika. Kalamu ikaandika: Ezelina.

Nikakata, nikaandika tena. Ezelina.

"Mimi si Ezelina," akasema wa Masinde.

"Najua. Ni kalamu."

"Kalamu iko mkononi mwa nani?" akauliza Karani, bila ukali wowote, akitaka kujua tu.

Wa pili alitoka Ndapwa. Alikuwa na ncha pembeni, na alieleza kwa kirefu kwamba viazi vikikosekana yeye hujibanza kwenye mizizi ya maharage, anasubiri, hana haraka. Kalamu ikaandika Ezelina. Wakaja ndugu kumi na mmoja wa bonde moja ambao hawaongei na ndugu kumi na mmoja wa bonde la pili. Ezelina mara ishirini na mbili. Kila mmoja alisoma jina lake kwenye daftari, akatikisa kichwa ambacho hakuwa nacho, akaenda kukaa kwenye benchi. Mabenchi hayakujaa. Sikuuliza kwa nini.

Nikaona aibu. Hata ndotoni niliiona, na niliitambua, ni ileile ya Jumapili.

"Yupo Ezelina mwenyewe?" nikauliza.

Karani akanionyesha kona. Kulikuwa na kidonge kidogo cha mviringo kimelazwa juu ya mkeka, kimefunikwa shuka mpaka shingoni.

"Huyo ndiye aliyekuwa kwenye gunia," akasema Karani. "Dawa yenu ilimuua vizuri sana. Yeye tu. Alikuwa mpole. Aliishi na yule mama miaka thelathini, anakula kidogo, anabakiza kingi, mama analalamika kidogo, maisha yanaenda. Mlipomuondoa, nyumba ikabaki wazi, na sisi tukakaribishwa siku hiyohiyo kwa milango yote."

"Na dawa? Haikuwafanya kitu?"

"Ilikuwa na ladha," akasema wa Masinde.

Nilikasirika. Nikasema kwa nini basi mkamla mama wa watu, mjane, anayelima kwa mikono yake, hamna huruma? Ofisi nzima ikanitazama kwa mshangao. Yule wa Ndapwa akajibu kwa upole unaochoma, akasema wao hawajawahi kudanganya mtu. Wao hula. Kila mtu anajua kwamba wao hula, hata mama mwenyewe anajua, ndiyo maana alikuwa na kona.

"Lakini wengine mnafanana," nikasema. Nilikuwa natafuta pa kutokea. "Ningejuaje kuwa ninyi ni jamii tofauti?"

"Tunasalimiana," akasema Karani.

Akawaita wawili wa bonde moja. Wakanyoosheana nyuzi nyembamba, nyeupe, laini. Nyuzi zilipogusana zikaungana, na palipoungana sikuona mshono. Ikawa kamba moja inayopita kutoka kwa huyu mpaka kwa huyu. Kisha akamwita wa bonde la pili. Wakanyoosheana. Zilipogusana, ncha zote mbili zikanyauka na kudondoka mezani. Wakazifuta kwa kitambaa, hakuna aliyelia.

"Ndugu huungana," akasema Karani. "Asiye ndugu, palipogusana panakufa. Hivyo tu. Ninyi mnapenda kuuliza majina."

Halafu akasimama, na wote wakasimama, nikajua kuna jambo rasmi.

"Kabla hujaondoka," akasema, "tuna shukrani."

Akatoa karatasi. Akasafisha koo ambalo hakuwa nalo, akasoma: "Cheti cha kazi bora ya uwandani. Kinatolewa kwa Obadia Tweve, kwa kututoa kona ya wageni tuliyofungiwa tangu enzi za bibi, na kutuingiza shambani wote kwa siku moja, bila ubaguzi."

Wakapiga makofi. Makofi ya ukungu hayana sauti, unaona tu vumbi likipanda. Mmoja akataka nisimame katikati tupige picha. Nikasimama. Nilitabasamu hata, mdomo ulitabasamu wenyewe, umezoea. Cheti kilikuwa na fremu kama ya kile cha nyumbani, na mhuri uleule.

Wa mwisho kuja kunipa mkono alikuwa mzito, mweusi kuliko wote, mwenye ncha tatu. Kiazi changu kikasogea nyuma kwa heshima.

"Ihelela," akajitambulisha. "Nilikusubiri sana mwaka ule. Nilisikia kuna mtu anakuja na pikipiki."

Akanyoosha uzi wake. Sikutaka kuugusa, lakini nimelelewa, siwezi kumwacha mtu mkono hewani. Ukanigusa kidole gumba cha kulia, pembeni mwa ukucha. Pale pale pakafa ganzi.

"Si ndugu," akaandika Karani kwenye daftari. Kwake kalamu iliandika sawasawa.

Nikainamisha macho kukitazama cheti, na nilipoyainua ofisi haikuwepo.

Niko kona ya wageni. Naona mfereji, naona lile jiwe la kuoshea majembe, naona majivu kwenye kopo. Shamba lote la juu ni la kahawia, matuta yamepangwa vizuri na hayana kitu. Shangazi Ezelina anatembea kwenye matuta, tuta kwa tuta, ameinama. Kila penye shimo la mbegu anasimama na kusema, "Nisamehe, nilipima vibaya." Anasubiri kidogo. Anaenda kwenye shimo linalofuata. "Nisamehe, nilipima vibaya." Shamba lake lina mashimo mengi, na inaonekana ameanza zamani.

"Shangazi," nikaita. "Acha."

"Baba, umekuja," akasema, akafurahi. "Nimebakiza haya machache. Nisaidie kitu kimoja."

Akavua mikono yake. Aliivua kama unavyovua glavu, kwanza wa kushoto, halafu wa kulia. Huo wa kulia sijui aliuvua kwa mkono upi, ndotoni sikuuliza. Ilikuwa mikono yake kabisa, na lile kovu la mundu, na ile kucha iliyopasuka isiyokua vizuri. Akaniwekea mbele, juu ya jiwe.

"Hii imezeeka," akasema. "Peleka maabara waikague, wakuambie imeanza lini kukosea. Mimi nilikuwa sijui. Ningejua, nisingeshika mbegu za watu."

Kiazi kikanipa mfuko wa kaki. Nikasema, shangazi, mikono yako haina kosa. Yaani nilitaka kusema hivyo. Kilichotoka mdomoni ni, "Usijali, shangazi." Nikajaribu tena. "Usijali, shangazi." Nikafungua mdomo mara ya tatu, na sentensi ikatoka ileile, na mwandiko wangu ukawa unaandika kwenye mfuko namba 1, na jina la kijiji, na tarehe, kwa mpangilio mzuri kabisa.

Nikauchukua mkono wa kulia niutie mfukoni. Ulikuwa wa moto. Ukanitambua, ukanishika, ukaanza kupapasa kiganja changu taratibu, jinsi alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo tukivuka mfereji. Ukapita kidole cha mwisho, ukapita vya katikati, ukafika kwenye gumba. Pale penye ganzi ukasimama.

Ukaniachia.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mke wangu Sekela alikuwa jikoni, nasikia anavunja kuni. Nikakaa kitandani kidogo, nikajiambia ni ndoto, ni yale maharage ya jana, nikaenda kunawa.

Kwenye beseni ndipo nilipokiona. Kidole gumba cha kulia, pembeni mwa ukucha, kidonge cheusi kidogo kuliko punje ya ulezi. Nikasugua kwa sabuni ya mche. Nikasugua kwa sabuni ya unga, halafu kwa gunzi la mahindi, halafu kwa jiwe la miguu mpaka ngozi ikawaka. Udongo ungetoka. Na niko likizo, hii ni wiki ya tatu, sijagusa shamba wala kiazi kibichi.

"Umeshika masizi?" akauliza Sekela kutoka mlangoni.

"Sijashika kitu," nikasema. Sentensi hiyo naisema vizuri sana, nina mazoezi nayo.

Shangazi akafika saa moja na nusu. Alivaa kitenge kipya na viatu vya kanisani, na kwapani alibana mkoba wenye kitambulisho chake na ile karatasi ya zamani ya shamba iliyokunjwa mara nne. Mikono yake yote miwili ilikuwa mahali pake. Niliitazama kwanza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umelala?"

"Nimelala."

Nikampa mkono, gumba nimelikunja ndani. Lakini huyu ni mtu aliyechambua mbegu miaka hamsini, kiazi kwa kiazi, akitafuta kile ambacho muuzaji amekigeuzia chini. Akakifungua kidole changu bila kuuliza. Akalowesha ncha ya kitenge kwa mate, akasugua. Akasugua tena. Kisha akanivuta mpaka mlangoni kwenye mwanga, akakisogeza kidole karibu na macho yake, yale aliyosema hayaoni vizuri siku hizi.

"Huu ukoko," akasema.

"Ndiyo."

"Lakini si wangu. Wangu ulikuwa wa mviringo. Huu una ncha tatu, uone, hapa, hapa na hapa. Huu ni wa Ihelela. Marehemu mama alikuwa akiuona kwenye mbegu anaitupa yote." Alikuwa ameshasahau mtendaji wa kijiji, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeko kazini. "Msimu huu niliuona kwenye zile mbegu za kupewa. Nikajisemea, ah, mtoto amesema ni mmoja." Akaniangalia. "Baba, Ihelela ulienda lini?"

Sekela alikuwa amesimama na sufuria. Kutoka sebuleni cheti kilikuwa kinatuangalia. Nilisikia ile sentensi ikija, usijali shangazi, ilikuwa imeshafika kwenye ulimi.

"Sijawahi kufika, shangazi."

"Ulipeleka viazi vya huko maabara. Uliniambia."

"Vilikuwa vyako. Vyote mia na ishirini. Kutoka kwenye lile gunia la stoo. Vijiji vyote kumi na viwili, shangazi, sikufika popote ila kwako Nkenja. Maabara hawakuuona ukoko wa mtu mwingine yeyote. Dawa ilipimwa kwa ukoko wako peke yake." Nikameza mate. "Ulipima sawasawa. Hukukosea kitu."

Aliuachia mkono wangu. Akautoa mkoba kwapani, akauweka kwenye kiti, mbali na mimi kidogo.

"Obadia," akasema.

Hajawahi kulitamka mbele yangu. Ni jina la baba yake. Nikasubiri aendelee, nikiwa tayari kwa tusi lolote, ningelipokea kwa shukrani. Lakini alikuwa ameshaacha kuniangalia. Alikuwa ameinua mikono yake kwenye mwanga wa mlango, anaigeuza, juu na chini, juu na chini, lile kovu la mundu, ile kucha iliyopasuka.

"Kumbe si ninyi," akaiambia.